Mafindofindo Yasiyonywea: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Arua na Koboko Wanaoishi na Saratani Sugu ya Damu

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa Arua au Koboko ambaye bado yuko kazini, na ambaye ameambiwa ana saratani sugu ya damu ya limfosaiti, ile inayoandikwa CLL kwenye karatasi za hospitali. Unamhusu hasa yule ambaye ugonjwa umemjia kooni: mafindofindo yamevimba pande zote mbili, hayaumi sana, na hayanywei hata baada ya kumaliza dozi mbili tatu za antibiotiki. Mwajiri wake, mwenzake wa nyumbani na mhudumu wa kituo cha afya anayemwona kwanza nao wausome.

CLL si ugonjwa wa kumfanya mtu aache kazi siku anapotajiwa jina lake. Wengi huishi nao kwa miaka mingi, na wako ambao hawatahitaji dawa ya saratani maisha yao yote. Wanaoanguka kabla ya wakati mara nyingi huangushwa na homa iliyopuuzwa, na dawa zilizonunuliwa kiholela, au na kisu kilichopitishwa kooni na mtu asiyeijua hali ya damu yao. Yote matatu yanazuilika hapa hapa West Nile, hata kabla ya kufikiria nauli ya Kampala.

Kinachotokea kooni

Limfosaiti ni aina ya chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kupambana na maradhi, na makao yake ni kwenye uboho, bandama, tezi za shingo, kwapa na kinena, pamoja na zile tezi mbili zilizo nyuma ya ulimi ambazo zikivimba huitwa mafindofindo. Katika CLL, limfosaiti za kundi B hazifi muda wake ukifika. Hujazana kwenye damu, kisha kwenye makao hayo yote. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na mitoki isiyouma shingoni, tumbo zito upande wa kushoto kwa kuvimba bandama, na koo lililobana, yote kwa wakati mmoja, huku akiendelea kwenda sokoni kama kawaida.

Daktari husema ni CLL pale limfosaiti B za aina hiyo moja zinapofika 5 au zaidi kwa kipimo cha 10⁹ kwa lita, na zikabaki juu hivyo kwa angalau miezi 3. Karatasi moja ya hesabu ya damu haitoshi. Lazima damu ipakwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, na pia ipimwe ili chembe zenyewe zitambuliwe ni za aina gani. Kwa kipimo hicho cha pili huenda sampuli ikabidi ipelekwe Kampala.

Katika mkoa huu kuna sababu ya ziada ya kutokurupuka. Malaria ya kurudiarudia huvimbisha bandama, na inaweza kupandisha limfosaiti kiasi cha kufanana na CLL. Kichocho cha tumbo, ambacho vijiji vya kandokando ya Nile vinakijua vizuri, nacho huvimbisha bandama. Kifua kikuu cha tezi huvimbisha shingo, na virusi vya Ukimwi huvimbisha tezi popote. Kwa hiyo mgonjwa asikubali jina la saratani kabla ya kupimwa haya, na asikatae kupimwa kwa sababu ameona jina moja linamtosha.

Koo unaweza kulikagua mwenyewe mara moja kwa mwezi. Simama mlangoni asubuhi, mwanga ukuingie kinywani. Kandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko kilichooshwa, sema "aaa", na mwenzako aangalie au apige picha kwa simu. Aangalie kama findo la kulia na la kushoto yanalingana, kama yamekaribiana katikati, na kama kuna kidonda au utando. Mafindofindo makubwa yanayolingana, laini, yaliyokaa hivyo kwa miezi, ni ya kufuatilia kliniki. Findo moja linalokua upesi kuliko jingine, gumu, au lenye kidonda, ni la kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki hiyo hiyo ili kikatwe kipande kidogo cha kupima. Kwa wagonjwa wachache CLL hubadilika kuwa saratani kali ya tezi, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa uvimbe wa upande mmoja tu.

Mwenzako wa chumbani ni shahidi muhimu. Muulize kama unakoroma sana kuliko zamani, na kama pumzi hukatika usingizini kisha ukashtuka kama mtu anayezama. Mafindofindo makubwa hufanya hivyo. Asubuhi unaamka kichwa kinauma, mchana unasinzia. Kwa mtu wa dukani hilo ni usumbufu. Kwa dereva wa lori katika barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, au kwa mwendesha bodaboda, ni hatari ya kufa na kuua. Dereva mwenye dalili hizi asiendeshe mpaka atibiwe, na mwajiri wake asimlazimishe.

Ukishindwa kumeza mate hata yakakudondoka, pumzi ikitoa mlio unapoivuta, ukashindwa kulala chali, au taya likikaza huku upande mmoja wa koo ukiuma vikali, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Homa ya nyuzi 38

Kama ningeruhusiwa kubakiza sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hii. Nunua kipimajoto na ukiweke nyumbani. Mgonjwa wa CLL ana chembe nyeupe nyingi ajabu, lakini haziwezi kazi, na kingamwili zake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Nimonia, maambukizi ya kifua na mkanda wa jeshi humwendea kwa urahisi. Joto likifika nyuzi 38, siku hiyo si ya kazi. Ni ya kituo cha afya.

Ukifika utapimwa malaria, na ni sawa. Shida huanza kipimo kinapoonyesha chanya. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, kumbe kifuani kuna nimonia. Tena kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Mwambie mhudumu, kwa heshima na bila woga: "Daktari, nina saratani ya damu, kinga yangu ni ndogo. Naomba kifua changu na mkojo wangu viangaliwe pia." Akiwa katika wiki za dawa za saratani, mgonjwa mwenye homa anahitaji antibiotiki ya sindano ndani ya saa chache. Hospitali ya Koboko ndiyo mahali pa kuanzia kwa mtu wa Koboko, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, iliyo umbali usiofika kilomita 60 kwa lami. Asingoje kupambazuke.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, msimu wa mvua na wa kiangazi. Ushauri huu umezoeleka hata watu hawausikii tena, lakini kwa mtu huyu una uzito wa pekee: bandama lililovimba na damu iliyopungua havistahimili malaria kali.

Dawa za dukani na kisu

Mtu akiingia duka la dawa na koo lililovimba, mara nyingi hutoka na antibiotiki pamoja na vidonge vidogo vya prednisoloni. Baada ya siku mbili mafindofindo yamenywea, na anasifu duka. Prednisoloni hunywesha tezi za CLL, na za saratani nyingine za tezi, kwa muda mfupi tu. Zikirudi hurudi vilevile, na kipande kikikatwa wakati huo jibu linaweza kupotoka. Mbaya zaidi, dawa hiyo huamsha kifua kikuu kilicholala, hupandisha sukari, na humpa nafasi mnyoo mdogo wa utumbo anayeitwa strongiloidi kusambaa mwilini. Usinywe prednisoloni ambayo daktari anayekutibu saratani hakuiandika, na ile aliyoiandika usiikatishe ghafla.

Kuna pia kukata kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kikohozi kisichoisha au koo lililobana hupelekwa kwa fundi wa kienyeji akate kimeo, na wengine hukwangua mafindofindo yenyewe. Mgonjwa wa CLL anaweza kuwa na upungufu wa chembe za kugandisha damu bila kujua. Jeraha dogo kooni linaweza kuvuja damu usiku kucha, na chombo kisichochemshwa huingiza usaha na homa ya ini. Wazee wanaotoa ushauri huu huutoa kwa upendo. Wajibiwe kwa adabu, na jibu liwe hapana. Ikibidi mafindofindo kuondolewa kwa sababu ya pumzi, kazi hiyo ifanywe hospitali, baada ya kuhesabu chembe za kugandisha damu na kuweka damu tayari.

Daftari

West Nile ina historia ya pekee katika elimu ya saratani ya tezi duniani, na inafaa watu wake waijue. Katika Hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, daktari Ted Williams aliandika kwa uangalifu kila mtoto aliyefika na uvimbe wa taya: ametoka kijiji gani, uvimbe ulianza lini. Mwaka 1961 alisafiri na madaktari wenzake Denis Burkitt na Cliff Nelson safari ya maili kama 10,000 kusini na mashariki mwa Afrika, kutafuta mipaka ya ugonjwa ule. Kumbukumbu zake zilimwezesha, yeye na wenzake Pike na Wright, kuonyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wa West Nile walitokea kwa mafungu, katika mahali pamoja na wakati mmoja. Miaka ya 1970, watoto wapatao 42,000 wa mkoa huu walitolewa damu kwa utafiti uliothibitisha uhusiano wa ugonjwa huo na virusi vya Epstein-Barr. Ule ni ugonjwa mwingine, wa watoto, na hauna uhusiano na CLL ya mtu mzima. Wala CLL haiambukizi: si kwa kikombe, si kwa kijiko, si kwa mate, si kwa kulala pamoja.

Nimeitaja Kuluva kwa sababu ya ule uandishi. Nunua daftari la shule la kurasa 96. Kila hesabu ya damu iandikwe kwa tarehe: chembe nyeupe, limfosaiti, himoglobini, na chembe za kugandisha damu. Andika uzito wako kila mwezi, ukitumia mizani ile ile. Andika homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kila dawa uliyomeza. Daktari wa Kampala anayekuona mara moja kwa miezi mitatu hawezi kujua mwendo wa ugonjwa bila karatasi hizo, na uamuzi wake wote unategemea mwendo.

Dawa, kwa kweli, haianzwi kwa sababu jina la saratani limetajwa. Majaribio ya Ufaransa yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba kumwanzishia mgonjwa wa hatua za mwanzo dawa ya klorambusili hakukumrefushia maisha. Ndiyo maana daktari anaweza kukuambia urudi baada ya miezi 3 bila kidonge hata kimoja. Hajakutupa. Anangoja dalili zinazojulikana: himoglobini kushuka chini ya 10, chembe za kugandisha damu chini ya 100, limfosaiti kuongezeka maradufu ndani ya miezi 6, uzito kupungua kwa sehemu moja ya kumi katika muda huo, homa au jasho la usiku lisilo na sababu nyingine, bandama au tezi kuwa kubwa mno. Mafindofindo yanayoziba pumzi au chakula ni sababu mojawapo ya kuanza.

Kabla ya dozi ya kwanza, dai kupimwa homa ya ini B. Kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwamo, ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye virusi hivyo kwa wingi, na baadhi ya dawa za saratani ya damu, hasa rituksimabu, huviamsha hadi ini likafa. Kuna vidonge vya kuzuia hilo, lakini vitolewe mapema.

Ikiwa karatasi yako imeandikwa CML badala ya CLL, huo ni ugonjwa tofauti, saratani sugu ya damu ya aina nyingine. CML hutibiwa kwa kidonge cha imatinibu kila siku, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, kwa miaka mingi imewapa wagonjwa kidonge hicho bila malipo kupitia mpango wa msaada wa kimataifa. Anayeruka siku huharibu dawa yake mwenyewe. Mafindofindo si kawaida katika CML, kwa hiyo yakivimba ghafla, daktari aambiwe upesi.

Chanjo na mpaka

Mgonjwa wa CLL haruhusiwi kupata chanjo zenye vijidudu hai. Kwa mfanyabiashara wa Koboko sheria hii inagusa riziki, kwa sababu chanjo ya homa ya manjano ni mojawapo, na kadi yake ya njano huulizwa mipakani. Ikiwa ulichanjwa kabla ya kuugua, itafute kadi ya zamani. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama ndani yake pameandikwa miaka 10. Kama hukuwahi kuchanjwa, mwombe daktari akuandikie barua ya msamaha wa kitabibu, yenye mhuri na tarehe, ambayo kanuni za afya za kimataifa zinaitambua. Ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza zaidi, kwa hiyo nenda mpakani Oraba mapema na usiende na bidhaa zinazooza mara ya kwanza. Timu za chanjo zinapopita nyumba kwa nyumba, zieleze hali yako kabla hujachanjwa. Mtoto wa nyumbani akipewa matone ya polio, mtu mwingine ambadilishe nepi kwa wiki kadhaa, au nawa mikono kwa sabuni kila mara. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ile ya nimonia ya nyumokokasi, ya mafua na ya homa ya ini B, hazina hatari hiyo, na ni vyema kuzipata kabla ya kuanza dawa.

Kazini

Mwalimu, mhubiri, utingo na mnadi bidhaa hufanya kazi kwa koo. Waombe vipindi vifupi vya kusema na maji ya kunywa karibu. Mwalimu mkuu anaweza kumhamishia mwalimu huyo darasa lenye watoto wachache, bila gharama yoyote. Mtu mwenye bandama kubwa asinyanyue magunia, asicheze mpira, na asipande bodaboda kwenye njia mbovu pale teksi inapopatikana, kwa sababu pigo moja la tumbo linaweza kupasua bandama hilo. Mkulima wa tumbaku asipulizie dawa za wadudu yeye mwenyewe. Kufagia ghala lenye nafaka iliyoota ukungu, banda la kuku, au dari lenye popo ni kazi ya mtu mwingine, maana vumbi lake hubeba ukungu unaoshambulia mapafu yasiyo na kinga.

Koo likibana, chakula kiwe laini: uji wa ulezi usio moto sana, maharage yaliyopondwa, mayai. Samaki aina ya angara atolewe miba yote kwanza, na vidole vya mpishi vihakikishe kabla hajafika sahanini.

Huna wajibu wa kumtangazia kila mtu ugonjwa wako, lakini mwajiri anapaswa kujua usichoweza kufanya. Mwombe daktari aandike siku za mapumziko na mipaka ya kazi. Jina la ugonjwa liandikwe kwa ridhaa yako. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, mwajiriwa aliyetumikia mwezi mmoja mfululizo akiugua ana haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi atoe taarifa mapema iwezekanavyo na kuleta hati ya daktari akiombwa. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kusitisha mkataba kwa kufuata masharti yake. Kwa hiyo usitumie siku za ugonjwa kwa safari za kliniki zinazojulikana mapema. Likizo ya mwaka, ambayo ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya utumishi, inaweza kupangwa iangukie tarehe za kliniki ya Kampala. Barabara ya kwenda huko kupitia Karuma ni karibu kilomita 500, na mtu aliyeshuka kwenye basi la usiku hafai kusimama dukani asubuhi yake. Mwajiri ampe siku moja ya kupumzika.

Kibarua aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja miezi 4 mfululizo, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, si kibarua tena na anastahili mkataba wa maandishi. Udai mkataba huo ukiwa bado na nguvu, kabla ya siku ya kuuhitaji. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ambaye ugonjwa umemfanya ashindwe kabisa kujipatia riziki anaweza kuomba mafao ya ulemavu kabla ya kufika umri wa kustaafu, akiwa na ripoti ya daktari. Mgogoro wowote kuhusu mshahara wa ugonjwa au kufukuzwa hupelekwa kwa afisa kazi wa wilaya au wa jiji. Nenda na daftari lako, nakala za hati za daktari, na ujumbe wowote wa simu ambao mwajiri alikujibu.